Jinsi ya kumhoji bibi yako kuhusu kura yake ya kwanza (kwa watu wa Tanga hasa)

Kama kwenu kuna bibi aliyezaliwa kabla ya 1945 na kichwa bado kinachaji, una kitu ambacho maktaba nyingi hazina. Naandika hapa namna ya kukitoa bila kumchosha na bila kuishia kupata lile jibu la "aah mjukuu wangu, mambo ya zamani hayo". Nawaandikia watu wa Tanga kwa sababu ndiko niliko na ndiko nimekaa na hawa bibi, Ngamiani, Makorora, na huko nje mpaka Pangani na Muheza, ila alieko Bagamoyo au Lindi atabadilisha majina ya mitaa tu, mengine yote yaleyale.

Swali ambalo karibu kila mtu anaenda nalo ni "Bibi, wanawake walipata lini haki ya kupiga kura?" na hilo swali halifanyi kazi kabisa. Haki ya kupiga kura ni maneno ya semina. Ukimuuliza hivo atakuangalia, atasema "serikali ilisema watu wakapige, tukaenda", basi mazungumzo yamekufa na chai haijapoa. Anachokumbuka yeye ni foleni, kanga aliyovaa, nani alibaki na mtoto, mume alinuna au alimpakia kwenye baiskeli, jirani gani alirudishwa mlangoni analia. Kazi yako ni kuanzia huko, tarehe utaziunganisha wewe mwenyewe baadae, kwa hiyo tarehe inabidi uwe nazo kichwani kabla hujavua viatu mlangoni kwake.

Chaguzi za kuzijua ni nne na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio kazi yenyewe ilipo.

Kwanza kabisa ujue kwamba kabla ya 1958 Tanganyika hakuna aliyekua anachagua mtu wa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, si mwanamke si mwanaume. Lile baraza lilianza 1926 na wajumbe gavana alikua anawateua mwenyewe. Hii ishike sana maana ukisoma habari za nje utakutana na hadithi tofauti, kule wanaume walikua washapiga kura miaka na miaka na wanawake wamefungiwa nje, New Zealand wakafunguliwa 1893, Uingereza wakapewa nusu nusu 1918 yani wenye miaka 30 na kuendelea tena wenye mali, wengine wote mpaka 1928, Marekani 1920, Ufaransa 1944, Uswisi kwenye chaguzi za taifa walisubiri mpaka 1971. (Bibi yako kama alipiga 1958 au 1962 basi kamtangulia bibi wa Uswisi, mwambie hiyo, watacheka sana.) Huku kwetu mlango ulikua umefungwa kwa kila mtu, ulipofunguliwa ukafunguliwa kidogo kwa wote pamoja, na ule ufa uliofunguliwa ndio wanawake wengi wakashindwa kupita.

Sasa ya kwanza ni kura tatu. Bibi wengi ukisema "kura tatu" macho yanabadilika hapohapo, hilo ndilo jina lake, usianze kusema uchaguzi mkuu wa mwaka elfu moja mia tisa na nini. Ilifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na Jimbo la Tanga lilikua awamu ya kwanza. Kwa hiyo zile orodha za mtandaoni zinazosema wanawake wa Tanzania walianza kupiga kura 1959, kwa Tanga usizifuate, huku karatasi ziliingia kwenye sanduku Septemba 1958. Ikaitwa kura tatu kwa sababu kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, ukimchagua wako mmoja ukaacha wengine karatasi yako imeharibika. TANU yenyewe ilikaribia kupasuka kwa hili, wakagombana mkutano wa Tabora Januari 1958 mpaka Nyerere akawashawishi wakubali kuingia, na Zuberi Mtemvu akatoka akaanzisha chama chake cha ANC.

Na masharti je? Uwe na miaka 21, alafu uwe umesoma darasa la nane, au una kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au umeshika wadhifa fulani unaotambulika. Pauni 150 ni shilingi 3,000 za wakati ule. Hebu fikiria mwanamke wa Ngamiani 1958 anayepika vitumbua, au mke wa mkata mkonge kule mashambani, shilingi elfu tatu azitoe wapi, na shule wasichana waliofika darasa la nane walikua wa kuhesabika, wengi waliishia la nne kama walienda kabisa. Sheria haikuandika popote kwamba mwanamke haruhusiwi. Iliandika darasa la nane na pauni 150, ikatosha. Waliopita ni walimu, manesi, wake wachache wa watu wenye biashara, na akina mama wa Kihindi na wa Kizungu ambao kwao masharti hayakua mlima.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Bibi anakwambia "sikupiga kura tatu" na wewe unafunga daftari. Usifunge! Muulize alikua anafanya nini wakati wengine wanapiga, kwa sababu wanawake waliokijaza chama na kukitembeza mtaani wengi wao hawakua na sifa ya kupiga kura yenyewe. Bibi Titi Mohamed alipokabidhiwa kitengo cha wanawake cha TANU 1955 alianzia kwenye vikundi vya ngoma, yeye mwenyewe alikua mwimbaji kwenye kikundi cha Bomba pale Dar, na ndani ya miezi michache walishaandikisha wanawake kama 5,000, wakati chama chenyewe kilikua na umri wa mwaka mmoja tu. Ngoma za lelemama, zile za wanawake wa pwani, tayari zilikua na viongozi, michango, sare na watu wa kupeleka habari nyumba kwa nyumba, kilichobaki ni kuwapa kadi. Pwani yote vikundi vya namna hiyo vilikuwepo na Tanga ilikua ya ngoma hasa, kwa hiyo swali zuri kuliko yote niliyowahi kumuuliza bibi yeyote ni "Ulikua ngoma gani?" Akikujibu hilo, siasa itakuja yenyewe bila kuitwa.

Ya pili ni Agosti 1960. Masharti yalilegezwa, ukijua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza unaingia, au kipato cha pauni 75. Lakini kuna mtego, viti vilikua 71 na kwenye viti 58 mgombea wa TANU hakua na mpinzani, akapita hivihivi bila kura kupigwa. TANU ikachukua 70, kile kimoja cha Mbulu kikaenda kwa Herman Sarwatt aliyegombea kama mtu binafsi bila baraka za chama. Kwa hiyo bibi akisema 1960 alienda, tenganisha alienda kujiandikisha au alienda kupiga. Hivi ni vitu viwili na kwenye kumbukumbu vimechanganyika kama pilau, muulize kama alipewa karatasi ya kutia kwenye sanduku au aliandikwa jina tu akarudi.

Ya tatu, tarehe 1 Novemba 1962, ya kumchagua rais, Nyerere na yuleyule Mtemvu. Hii ndio ilikuja bila mambo ya darasa wala pesa, mtu mzima yeyote. Mimi nikihesabu naona kwa mwanamke wa kawaida wa Tanga hii ndio kura ya kwanza ya kweli, japo kwenye vitabu haipigiwi debe sana kwa sababu mshindi alijulikana kabla. Ina alama moja nzuri kwa huku kwetu: Shaaban Robert alifariki hapahapa Tanga mwezi Juni mwaka huohuo. Muulize bibi "Shaaban Robert alishakufa?" na mara nyingi utapata jibu la haraka kuliko ukimuuliza mwaka.

Ya nne ni Septemba 1965, chama kimoja, wagombea wawili wa chama hichohicho karibu kila jimbo, mmoja kapewa alama ya jembe mwingine nyumba, na kwa rais unasema Ndiyo au Hapana. Ukisikia jembe na nyumba kwenye maneno ya bibi ya uchaguzi wa mwanzo mwanzo, umefika 1965. Alama ziliendelea kutumika chaguzi za baadae pia, kwa hiyo mbane kidogo na matukio mengine, ilikua kabla ya Azimio la Arusha au baada, mashamba ya mkonge yalikua bado ya wazungu au serikali ilishayachukua (hiyo ni 1967), Karume alishauliwa (Aprili 1972), tulishakula ule unga wa yanga wa njaa ya 1974. Na akitaja picha nyingi za wagombea urais na bendera za vyama rangirangi, hiyo ni 1995, mrudishe nyuma taratibu.

Hesabu ya umri nayo ifanye mapema. Umri wa kupiga kura miaka ile ulikua 21, kwa hiyo kura tatu ni kwa aliyezaliwa 1937 kurudi nyuma, ya 1962 ni kwa aliyezaliwa 1941 kurudi nyuma, ya 1965 ni 1944 kurudi nyuma. Mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho usiuamini sana, wengi waliandikiwa na karani tu kwa kuwaangalia sura. Bora umuulize uhuru ulimkuta na watoto wangapi.

Kitu kingine kabla ya kwenda, ulizia miaka ile bibi alikua anaishi wapi! Tanga tumechanganyika na watu wa ng'ambo, nusu ya nyumba za hapa zina mtu wa Pemba, wengine wametoka Vanga na Mombasa, na kila upande una hadithi yake. Unguja na Pemba uchaguzi wa Julai 1957 ulikua wa wanaume peke yao, wanawake wakaingia Januari 1961, matokeo yakawa karibu sawasawa serikali ikashindwa kuundwa, wakarudia Juni 1961 na ule wa Juni ulikua na vurugu na watu walikufa. Bibi wa Kipemba ukimuuliza kura anaweza akanyamaza ghafla, sababu ni hiyo Juni, usimsukume. Kenya wanawake wa Kizungu walipata kura 1919, na Mombasa miaka ya 1950 akina mama wa Kiarabu walipeleka maombi serikalini wakidai na wao wapige, wakati mabibi wa Kiafrika wengi walingoja mpaka uchaguzi wa Mei 1963. Sasa ukichukua bibi wa Vanga ukamuuliza mambo ya kura tatu utamchanganya tu, atasema ndio ili akufurahishe.

Haya, twende kwa bibi sasa.

Nenda baada ya Alasiri, ashaswali, ashapumzika, jua limeshuka. Ijumaa asubuhi usiende na Ramadhani usiende kabisa. Beba sukari na majani ya chai au mkate wa ajemi, usitoe hela mwanzoni, ukitoa hela kabla ya maneno utapata maneno ya hela, kama ni ya kumpa basi mpe unapoaga tena mkononi kimyakimya. Shikamoo yako iwe ya kukaa chini, sio ya kusimama mlangoni umeshika simu. Kama wewe ni kijana wa kiume na bibi sio wa damu yako, nenda na dada yako au shangazi, kuna maneno hatayasema mbele yako na yeye hatokwambia kwamba hayasemi.

Muache afanye kazi za mikono wakati anaongea. Kuna bibi mmoja Makorora tulimkuta anasuka ukili, tukamwambia jamani bibi pumzika kwanza, akaweka pembeni, akawa anajibu neno mojamoja kama yupo mahakamani. Binti yake akamrudishia ukili mapajani na ndani ya dakika chache bibi yupo mwaka 1962, anapita barabara ya kumi na mbili na wenzie wamevaa kanga doti moja, na vidole vinaenda vyenyewe haviangalii. Ukili haupigi kelele kwenye kurekodi. Kukuna nazi ndio balaa, mbuzi inakula sauti yote, kwa hiyo kama anakuna nazi msaidie amalize kwanza. Feni nayo izime, na ikipigwa adhana bonyeza stop, subiri, sio adabu na pia hutasikia kitu.

Maswali yaende hivi. Unaanza na ngoma, harusi, mtaa. Alafu unasema, "Bibi, siku ya kwanza umetia karatasi kwenye sanduku ulikua umevaaje?" Hapo unanyamaza. Unyamaze kweli, hata kama kimya kinakukera, usimjazie maneno. Nakupa mfano wa jinsi yalivyoenda siku moja, nimeondoa majina:

"N'livaa kanga, kanga gani nikumbuke mwanangu, n'likua na mimba ya babako."

"Baba kazaliwa baada ya siku ngapi?"

"Aah, mfungo tatu ule ulokuja."

"Na mlikua mwachagua nani?"

"Twachagua rais. Si Nyerere na yule mwengine, yule aliekataa kura tatu."

Umeona hapo, hakuna mwaka hata mmoja uliotajwa na tarehe imepatikana, aliyekataa kura tatu ni Mtemvu, kwa hiyo ni 1962, na ujauzito unathibitisha ukijua baba kazaliwa lini (mfungo tatu ni mwezi wa tatu baada ya Ramadhani). Ukiwa umezisoma zile chaguzi nne unaunganisha palepale, usipozisoma utaondoka na kanga na mimba tu.

Maswali mengine yanayotoa maneno: nani alikuandikia jina, ulienda na nani, mlisubiri wapi kivulini, wanawake na wanaume mlipanga foleni moja au mbili, kituo kilikua shule gani au kwa jumbe gani, karani alikua nani mtaani kwenu, ulikua unajua kusoma au ulionyeshwa, uliporudi nyumbani babu alisemaje. Hilo la babu liache mwisho. Wapo waliokatazwa kabisa, wapo waliopelekwa na waume zao wakaambiwa pa kutia alama, na wapo walioenda kwa kisingizio cha kwenda msibani, hii ya msibani nimeisikia zaidi ya nyumba moja na huwa wanacheka wakiisema.

Usimuulize alimpigia nani. Kura ni siri na kizazi chao kinaichukulia hivo kwelikweli. Tanga kulikua na watu wa UTP, kile chama kilichopendwa na serikali ya kikoloni, na kuna nyumba ambazo babu alikua huko na bibi alikua TANU, au kinyume chake, na hilo jambo halijaisha mpaka leo ndani ya familia. Akisema mwenyewe sawa, rekodi. Asiposema, pita.

Na usiishie kwa bibi waliokua viongozi, wale washahojiwa na hadithi yao imeshakua nyororo, wanakwambia kilekile walichomwambia mtu wa mwisho. Tafuta nesi mstaafu wa Bombo, mwalimu wa shule ya msingi wa zamani, hawa ndio wangeweza kuwa na lile darasa la nane. Tafuta mama wa Kihindi mwenye umri huo pale mjini, watu wanawasahau kabisa, wakati kura tatu ilikua na kiti cha Waasia na kule Jimbo la Kaskazini kiti hicho alikichukua mwanamke, Sophia Mustafa, 1958 hiyohiyo. Nyanda za Juu Kusini kiti cha Mzungu kikaenda kwa Lady Chesham. Yani hata kabla Lucy Lameck na Bibi Titi hawajaingia barazani tayari kulikua na wanawake walioingia kwa kura, na hii huwa inawashangaza hata watu waliosoma historia.

Baada ya maneno uliza vitu. "Bibi huna karatasi yoyote ya zamani?" Zinakaa chini ya godoro, ndani ya kopo la biskuti, au kwenye sanduku la mbao pamoja na kanga za maiti, kwa hiyo asipotaka kufungua mbele yako muelewe. Kadi ya TANU ni kabla ya Februari 1977, baada ya hapo ni CCM. Kadi ya UWT, jumuiya ya wanawake ya chama, haiwezi kuwa kabla ya 1962 maana ndio mwaka ilipoundwa. Kadi ikiwa na stempu za ada zinazofuatana mwaka kwa mwaka una dhahabu, hapo unaona alilipa lini na aliacha lini. Usiondoke nayo hata akikupa! Iweke karibu na mlango kwenye mwanga wa jua usiokua mkali, zima flashi, piga mbele na nyuma, mrudishie mkononi kwake palepale. Nimeona familia zimegombana kwa sababu ya kadi iliyoenda "kufanyiwa fotokopi".

Kurekodi hauhitaji mashine. Simu yoyote yenye rekoda inatosha, weka kwenye hali ya ndege ili mtu asipige katikati, iweke juu ya kitambaa sio juu ya meza tupu, iwe karibu na yeye kuliko wewe. Usitumie voisi noti za WhatsApp kurekodi mazungumzo yote, zinakatika na zinapotea ukibadilisha simu. Mwanzo wa rekodi sema tarehe, mtaa, na muombe bibi aseme kwa sauti yake kwamba anakubali urekodi, sekunde chache tu. Usizidishe saa moja. Akianza kurudia hadithi ya mwanzo amechoka, funga, omba siku nyingine.

Usiku huohuo nakili kwenye kompyuta au fleshi ya mtu mwingine, ipe jina linaloeleweka kama makorora_bibi_1962_mazungumzo1, sio REC0047. Alafu anza kuandika neno kwa neno. Hii ndio sehemu watu wanaikimbia maana dakika kumi za sauti zinaweza kula saa nzima, ila fanya, na usimsahihishe Kiswahili chake. Akisema "n'lienda" andika n'lienda, akisema neno la Kidigo au Kibondei liache na uulize maana yake kwa mtu wa hapo nyumbani. Ukilinyoosha liwe Kiswahili cha taarifa ya habari umeshamfanya mtu mwingine.

Sasa kulinganisha na karatasi. Kwa hapa Tanga pita makumbusho ya Urithi pale Boma la zamani na maktaba ya mkoa, uliza wana nini cha miaka ya 1950 na 1960. Magazeti ya kutafuta ni kama Mambo Leo lililokua la serikali, Mwafrika, na Sauti ya TANU, na kwa mafaili ya wakuu wa wilaya na majimbo itabidi Nyaraka za Taifa, Dar. Karatasi na bibi wakipingana usikimbilie kusema bibi kasahau. Faili la mkoloni limeandikwa na mtu aliyekua ofisini, bibi alikua kwenye foleni. Andika zote mbili, weka na sababu kwa nini unaona moja ina nguvu zaidi, na kama huoni sababu acha zote mbili zikae. Ila kwenye mwaka, mwezi na masharti ya uandikishaji, hapo karatasi inashinda.

Kuna wanaotaka kuweka video ya bibi TikTok siku hiyohiyo. Mimi nakataa, ila kama lazima basi sauti tu bila sura, na awe amekubali yeye, sio mjomba kakubali kwa niaba yake. Watu wanamtukana mtu wa miaka 85 kwa sababu kataja chama fulani, na wajukuu zake ndio wanasoma hizo komenti.

Ukishamaliza kuandika, print, rudi kwake na umsomee yote kwa sauti kuanzia mwanzo, taratibu, na mtu mmoja wa nyumbani awepo. Hapa atakusahihisha vitu ambavyo hukujua umekosea, ataongeza jina la shule, atakumbuka mvua ilinyesha, na kuna mahali atasema hapo toa. Toa mbele yake kwa peni, aone mstari umepita. Akisema jina la shoga yake litoke, litoke, hata kama hicho ndio kipande kitamu kuliko vyote. Alafu muachie nakala moja ya maandishi makubwa, wengi huwa wanaipeleka kwa jirani kesho yake, na huyo jirani ndio bibi wako wa pili.